Mfumo wa pointi wa Kanada: pointi ni za haki, mstari wa kufuzu ndio unaoumiza

Ukitaja PR ya Kanada, yani ukaazi wa kudumu, kwa njia ya pointi, hapo hapo watu wanagawanyika kambi mbili. Kambi moja inasema hakuna mfumo wa haki kama huu, hauhitaji kuwa na mjomba ubalozini, unajaza umri, elimu, lugha na uzoefu wa kazi, kompyuta inajumlisha, basi. Kambi nyingine inasema huo ni mtego wa kula hela za watu, mtu anamaliza akiba yake kwenye mitihani na kutathminiwa vyeti alafu anakaa anasubiri mwaliko usiokuja. Mi nimeufuatilia huu mfumo muda mrefu, nimekaa na watu kupanga nao makaratasi, na naona wote wanasema kweli ila kila mmoja anaongelea kipande chake. Pointi zenyewe ni za haki kuliko watu wanavyodhani. Kinachoumiza ni mstari wa kufuzu, ambao haukai sehemu moja na hakuna anaekuambia kesho utakuwa wapi.

Tuanze na hio haki maana wengi wanaidharau. Kanada ilianza kutumia pointi 1967, miaka mitano tu baada ya kufuta kanuni zilizokuwa zinachagua wahamiaji kwa rangi na nchi walikotoka. Australia nayo ilikuwa na sera ya kutaka weupe peke yao, ikaizika 1973, pointi zikaja 1979. Yani kabla ya pointi swali la kwanza lilikuwa wewe ni wa wapi, na baada ya pointi swali likawa unajua kufanya nini. Hilo si jambo dogo kwa mtu wa Afrika. Alafu linganisha na Marekani ambako bahati nasibu ya green card ilipangiwa na sheria nafasi hadi 55,000 kwa mwaka na hakuna chochote unachoweza kufanya kuongeza bahati yako, unajaza fomu unasubiri. Kwenye pointi angalau unajua umekosea wapi, unarudi unafanya mtihani tena unapanda.

Sasa upande wa pili. Zamani Kanada walikuwa na alama ya kufaulu, 67 kati ya 100, ukizifikisha unaingia foleni na foleni ikifika kwako unashughulikiwa. Tatizo foleni ikawa ndefu mno, hadi 2012 serikali ikaamua kuyafuta maombi ya zamani yaliyotumwa kabla ya mwisho wa Februari 2008, watu kama 280,000 ukihesabu na familia zao, wakarudishiwa ada wakaambiwa poleni. Watu waliosubiri miaka na kufuata kila sharti! Ndio maana Januari 2015 ikaja Express Entry, na hapa ndipo wengi hawajaelewa kilichobadilika. Zile 67 bado zipo kwa mtu anaeingilia njia ya wafanyakazi wenye ujuzi kutoka nje, lakini siku hizi zinakufungulia geti tu. Ukishaingia ndani unapewa pointi nyingine kabisa, kwenye hesabu ya 1,200, unapangwa na wenzako wote waliomo, na kila droo, yani kila serikali inapotoa mialiko, wanachukuliwa wa juu. Kwa hio hakuna tena kufaulu, kuna kushindana, na huwajui unaoshindana nao.

Ona mstari unavyohama. Februari 2021, mipaka ikiwa imefungwa kwa korona na serikali inataka kutimiza idadi yake, ilifanyika droo ya watu waliokuwa tayari na uzoefu wa kazi ndani ya Kanada, wakaalikwa 27,332 kwa mpigo na mstari ukashuka hadi pointi 75. Sabini na tano! Aprili 2024 droo ya jumla, isiyochagua kundi, ikataka 529, na baada ya hapo ikapita zaidi ya mwaka mzima bila droo ya jumla nyingine. Hao watu wa 2021 hawakuwa na akili kuliko wa 2024, walikuwa kwenye wakati sahihi. Alafu Oktoba 2024 serikali ikatangaza kupunguza, lengo la wakazi wapya wa kudumu kwa 2025 likashushwa kutoka 500,000 hadi 395,000, sababu nyumba hazitoshi na wananchi wanalalamika. Mi siwalaumu, nchi ina haki ya kuamua inapokea wangapi, lakini mtu aliefanya mtihani na kutathmini vyeti vyake akiamini ile namba ya kwanza, gharama yake hakuna anaeifidia.

Twende kwenye hesabu yenyewe maana hapo ndipo mtu anapata au anapoteza bila kujua. Chukua mtu mmoja hana mwenza, miaka 29, ana masters, uzoefu wa miaka mitatu nje ya Kanada, hana ndugu kule. Umri unampa 110, masters 135. Akipiga IELTS, mtihani wa Kiingereza, akapata kusikiliza 8, kusoma 7, kuandika 7, kuongea 7, lugha inampa 124. Alafu kuna kipengele watu wanakiruka, cha kuunganisha lugha na elimu na uzoefu, huyu anakipata chote, 100. Jumla 469. Sasa huyo huyo, kila kitu kile kile, ila kwenye kuandika amepata 6.5 badala ya 7. Lugha inashuka hadi 116, ambayo si mbaya, lakini kile kipengele cha kuunganisha kinakatwa katikati kinabaki 50, na jumla inakuwa 411. Nusu alama kwenye insha moja imekula pointi 58! Hakuna sehemu nyingine kwenye fomu nzima yenye hasara ya haraka namna hio, na bado utakuta mtu anahangaika kutafuta cheti cha tatu wakati kilichomwangusha ni insha. Na ndio, mtihani ni lazima hata kama umesoma kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, hawaangalii hilo, na hapa mi naona kambi ya pili ina haki ya kukasirika.

Umri nao. Kuanzia ukiwa na miaka 30 unaanza kukatwa, ukifika 35 umebaki na 77, ukifika 40 una 50, ukifika 45 sifuri. Watetezi wanasema kijana atalipa kodi miaka mingi zaidi, na kwa mahesabu ya serikali ni kweli. Ila ukweli mwingine ni kwamba mtu wa miaka 40 ndie mwenye uzoefu ambao mwajiri anautaka hasa, na huu mfumo uzoefu wa nje unauhesabu hadi miaka mitatu tu, baada ya hapo miaka yako kumi na tano ya kazi ni sawa na mitatu ya kijana. Hapo pointi zinapima kinachohesabika kirahisi, si kinachofaa kazini.

Hela sitakaa sana. Ada ya serikali peke yake Aprili 2024 ilipanda hadi dola 1,525 za Kanada kwa mtu mzima, juu yake weka mtihani, tathmini ya vyeti, vipimo vya afya, cheti cha tabia njema cha polisi, na kama huna kazi halali ya Kanada inayokuondolea sharti hilo inabidi uonyeshe akiba ya benki inayozidi dola 15,000 kwa mtu mmoja, ikiwa imekaa, sio umekopa jana. Kwa hio ile kauli kwamba mfumo hauangalii mfuko wako si sahihi. Hauangalii kwenye pointi, unauangalia mlangoni.

Makundi maalum ndio mjadala mkali zaidi sa hivi. Tangu Juni 2023 serikali imekuwa ikifanya droo za fani au lugha fulani tu, afya, ufundi, elimu iliyoongezwa baadae, na wanaojua Kifaransa. Upande mmoja ni jambo zuri, nesi au fundi umeme asingeweza kirahisi kumshinda mtu wa masters kwa pointi tupu na sasa ana mlango wake. Upande mwingine, utaratibu huu umerudisha uamuzi mikononi mwa waziri, fani inaingia na kutoka kwenye orodha, madereva wa malori waliwekwa 2023 wakaondolewa Februari 2025, na mtu aliebadili kazi kwa kufuata orodha anabaki hewani. Tofauti kubwa ni Kifaransa. Machi 2025 droo ya Kifaransa ilishuka hadi 379 wakati za uzoefu wa Kanada zilikuwa juu ya 500. Hapa wenzetu wa Kongo na Burundi wana kitu ambacho wengi wetu hatuna, na wengi wao hawajui, wanakwenda kusugua Kiingereza kumbe Kifaransa walichosomea shule ndio tiketi, bado kufanya mtihani wa Kifaransa tu, TEF au TCF.

Kuna uamuzi mmoja ambao mi nauunga mkono kabisa ingawa umewaumiza watu: Machi 2025 walifuta pointi za ofa ya kazi, zilizokuwa 50 au 200. Sababu ilikuwa ofa zimegeuka bidhaa, watu wanauziwa karatasi ya mwajiri kwa maelfu ya dola. Waliokuwa na ofa za kweli wakapoteza, ndio, lakini pointi inayonunulika inaharibu zote zilizobaki. Na hapo hapo niseme, ajenti akikuambia ongeza kidogo kwenye uzoefu wako, mkimbie. Ukigundulika umedanganya unafungiwa miaka mitano, na jina lililoandikwa kwenye fomu ni lako, sio la ajenti.

Sehemu inayowaangusha watu waaminifu ni barua ya kazi. Haitoshi barua inayosema fulani alikuwa mfanyakazi wetu toka mwaka huu hadi ule. Inatakiwa cheo, tarehe, masaa kwa wiki, mshahara na majukumu yako, na hayo majukumu yafanane na maelezo ya fani uliyoichagua kwenye orodha yao ya kazi. Namjua dada mmoja aliefanya kazi miaka minne sehemu moja, akaomba barua, ofisi ikamwandikia mistari miwili na kumwambia ndio utaratibu wao. Alikuja kuokolewa na hati za mishahara, mkataba wa kwanza na tamko la aliekuwa bosi wake, akaambatanisha vyote na maelezo kwa nini barua haijakamilika. Ukishapata mwaliko una siku 60 kutuma kila kitu, kwa hio barua zitafutwe kabla, sio mwaliko ukishaingia.

Alafu kuna jambo ambalo kambi zote mbili zinalisahau, na mi naona ndilo zito kuliko yote. Anaekupa pointi ni serikali kuu, anaekupa leseni ya kazi ni bodi ya fani kwenye jimbo. Hawa wawili hawaongei lugha moja. Serikali inakupa pointi kwa udaktari wako na kukualika, unafika, bodi inakuambia huo udaktari wako tutauangalia upya. Ndio maana kuna madaktari wanaoendesha teksi. Mambo yanabadilika taratibu, mfano Ontario bodi ya mainjinia iliacha Mei 2023 kudai uzoefu wa kazi wa Kanada kabla ya leseni, ila kwa fani nyingi za afya bado safari ni ndefu. Basi mtu wa fani yenye leseni asiulize kwanza nina pointi ngapi, aulize bodi ya jimbo analotaka itamhitaji nini, na nyingi zinakubali kufungua faili ukiwa bado kwenu.

Kwa hio mtu aombe au asiombe? Ukiwa chini ya miaka 32 na lugha yako iko vizuri, omba, gharama ya kujaribu inalipa hata ukikaa mwaka. Mkiwa wawili mlioana fungueni profaili kila mmoja, mwenye pointi nyingi ndie awe mwombaji mkuu. Ukipata uteuzi wa jimbo, yani jimbo moja la Kanada likikuchagua lenyewe, unaongezewa 600 na hapo mambo yameisha kwa kiasi kikubwa, kwa hio usikazane na serikali kuu tu.

Anaenipa shida kumjibu ni mtu wa miaka 35 mwenye zile zile sifa za mfano wetu, ambae anasimama 436 na hayuko kwenye afya wala elimu. Akikaa kusubiri mstari ushuke, anapoteza pointi tano au sita kila siku ya kuzaliwa. Akitumia miaka miwili kujifunza Kifaransa hadi kiwango cha saba cha kipimo cha lugha cha Kanada kwenye kusoma, kuandika, kusikiliza na kuongea, umri utamla 11, Kifaransa kitamrudishia 62, anakuwa 487 na anaingia droo za Kifaransa. Huyo ningemwambia aanze darasa kabla hajalipia kitu kingine chochote, maana profaili inaisha baada ya miezi 12 na majibu ya IELTS baada ya miaka miwili, akianza na hivyo vitamfia mkononi kabla Kifaransa hakijakomaa.