Mwizi wa mashine akisamehewa, nani amelipa?

Mwizi wa mashine, yaani injini ya mtumbwi, akikamatwa asubuhi mwaloni, pale mitumbwi ya Ziwa Victoria inapotia nanga, iwe Igombe, Kayenze au visiwani Ukerewe, uhai wake unategemea nani atawahi kufika. Petroli haitafutwi, iko pale pale kwenye madumu ya safari ya jioni. Na katika kundi hilo hawakosekani walioshiriki meza ya Bwana Jumapili.

Kuhusu kiberiti, Mkristo hana la kujadili. Hata Torati, ambayo watu huikimbilia kwa "jicho kwa jicho", iliweka mpaka. Kutoka 22 inamwondolea hatia aliyemuua mwizi usiku akivunja nyumba, lakini jua likishachomoza, aliyeua ana hatia ya damu. Mwizi anatakiwa alipe, basi. Yesu akaenda mbali zaidi: shavu la pili.

Ugumu unaanza mwizi akishaokolewa. Mchungaji anamfuata tajiri, yaani mwenye mtumbwi: samehe saba mara sabini, kaiache kesi. Hoja yake si nyepesi. Mara nyingine mwizi ni kijana aliyewahi kuvua kwenye mtumbwi huo huo, na jela inaweza kumrudisha mwaloni akiwa amekubuhu. Warumi 12 nayo inataka adui mwenye njaa alishwe, kisasi aachiwe Mungu.

Lakini wavuvi nao wana lao, na kwangu ni zito kuliko nafasi wanayopewa kulisema. Mapato ya mtumbwi, yakishatolewa mafuta na chakula, hugawanywa kati ya tajiri na wavuvi. Mashine ikiibwa, tajiri amepoteza mali. Mvuvi asiye na mshahara wa kungoja amepoteza ugali wa watoto. Tajiri akisimama kanisani kutangaza msamaha, makofi ni yake, wakati sehemu ya deni alilofuta ni la watu ambao hakuna aliyewauliza. (Na wachungaji wetu wanamjua mwenye bahasha nene, tusifichane.)

Wanaosema kwenda polisi ni kisasi wamefunga Biblia mapema. Sura inayofuata, Warumi 13, Paulo huyo huyo anasema mtawala hachukui upanga bure. Luka 17 inaanza na kuonya, kisha toba, ndipo msamaha. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne, wala Yesu hakumwambia aache. Na Yesu mwenyewe alipopigwa kofi mbele ya kuhani, hakurudisha, ila aliuliza: unanipigia nini?

Kwa hiyo tajiri asamehe kilicho chake. Ampelekee chakula mahabusu, akatae chuki. Kilicho cha wavuvi kijadiliwe nao, na kijana alipe kidogo kidogo. Wakikataa kulala naye ziwani hata usiku mmoja, nisingewaita wenye kisasi. Katikati ya maji unamtegemea mwenzako kwa roho yako. Apewe kazi ya nchi kavu, kubeba na kuanika dagaa. Ulinzi wa mashine ungoje kwanza.