Buti la mamba huuawa na kabati, si barabara

Malipo ya minada ya korosho yakishaanza kuingia, Mtwara huvaa. Kati ya vinavyonunuliwa msimu huo zimo buti za ngozi ya mamba, mbuni na chatu, na mimi siwalaumu wanaozinunua. Mtu aliyepulizia mikorosho dawa, akaokota na kubeba magunia, ana haki ya kuvaa kitu kizuri. Kinachoniuma ni kuona buti ya gharama kubwa ikifungiwa kabatini kusubiri harusi, halafu mvua za kifuku zikipita inatolewa imeota ukungu hadi ndani ya soli.

Hewa yetu ya pwani, kuanzia Mikindani mpaka Lindi mjini, ina unyevu na chumvi. Ngozi iliyofungiwa kwenye boksi, tena ndani ya mfuko wa nailoni, haipumui. Unyevu unabaki humo na ukungu unapata chakula. Kwa hiyo nasema wazi: kama huna nia ya kuivaa, usiinunue. Buti inayovaliwa mara kwa mara hupata hewa, hufutwa, na mwenyewe huona mapema ikianza kuharibika.

Ukishaamua, ikague kwa macho na vidole. Gamba la mamba wa Nile, yaani mamba wetu wa Afrika, lina kitundu kidogo sana karibu na ukingo. Ngozi ya ng'ombe iliyopigwa chapa ya mamba kwa kawaida haina vitundu hivyo. Weka buti ya kushoto na ya kulia pamoja: mistari ikifanana gamba kwa gamba, hiyo ni kazi ya mashine. Mbuni ana vinundu palipoota manyoya, na havilingani, vingine vikubwa, vingine vidogo, vimesongamana hapa na kuachana pale. Chatu mpapase kinyume cha magamba. Gamba la kweli hunyanyuka ukingo.

Halafu kuna hili la Ruvuma. Mto una mamba, na hakosi mtu wa kukunong'oneza kwamba anayo ngozi, mpe fundi tu akushonee. Kataa, ndugu yangu. Ngozi ya mnyamapori ni nyara ya Serikali, na kuimiliki bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Zipo ngozi halali za mamba wa kufugwa, kama wa Zimbabwe, na za mbuni wa Afrika Kusini. Mdai muuzaji risiti na maelezo ya ngozi ilikotoka, akibabaika, ondoka. Na ukitaka kuvuka mpaka nazo, uliza kwanza kuhusu vibali, maana biashara ya mamba na chatu inasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini.

Matunzo yenyewe si mengi. Ukizivua, futa vumbi na chumvi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, jaza magazeti makavu ndani, ziache zipumzike angalau siku nzima kabla ya kuzivaa tena. Ziweke juu ya rafu penye upepo, mbali na ukuta unaotoa jasho. Zikilowa, kausha kivulini. Jua la Mtwara hukausha mafuta ya ngozi, na mamba huanza kupasuka pale kiatu kinapokunjika.

Kiwi ya kawaida iache kwa viatu vya shule, kwa sababu nta yake hujikusanya katikati ya magamba. Mafuta ya nazi pia hapana, najua kila nyumba inayo. Yanatia ngozi weusi, na baadaye yanachacha. Tafuta mafuta maalumu ya ngozi za namna hii, jaribu kwanza mahali pasipoonekana, kisha paka kidogo tu kufuata lalio la magamba.

Kwa pwani hii mimi ningechagua mbuni. Ngozi yake ni laini, inakunjika bila kupasuka upesi, na haihitaji kubembelezwa kama chatu, ambaye magamba yake hunyanyuka na kukatika. Ila hata mbuni, geuza buti utazame chini kabla ya kulipa. Soli iwe imeshonwa kwa uzi, isiwe ya gundi peke yake. Gundi huachia kwa joto letu, wakati soli ya kushonwa ikiisha fundi mzuri anaibandua na kukuwekea nyingine.