Dumu Langu Nalo Limehitimu

Yakhe, niliambiwa nitoe neno la kuaga kwa niaba ya darasa. Dakika tatu. "Taja mazuri tu," aliniagiza mwenyekiti wa kamati ya mahafali, ambaye miaka yote alikuwa akilala kwao Kizingo. Yeye hosteli ya wanawake aijulie wapi? Saa kumi na moja alfajiri, maharagwe yaungua, wasichana wanne wavutana kwa pasi moja!

Mie chuo nakikumbuka kwa dumu. Dumu la manjano, la lita 20, mama alininunulia sokoni Kongowea nilipoanza mwaka wa kwanza, nikaliandika jina kwa rangi ya kucha. Lilikaa wiki mbili, likaibiwa.

Na pale ukikosa dumu umekosa yote. Bomba lilitoa upepo, likakohoa, basi. Kisiwa cha Mombasa kimezungukwa na bahari, na kuoga twangojea chemchemi za Mzima, huko Tsavo, zaidi ya kilomita 200! Mwalimu akatueleza kwamba Mzima kuna viboko wanaoshinda majini mchana kutwa. Darasa zima liliguna. Kiboko ashinda akioga, na mie mwenye mtihani saa mbili nimejifuta kwa kitambaa kibichi kama kioo cha matatu.

Tukabaki na mwenye mkokoteni. Dumu shilingi 20, kiangazi kikikaza 50, na maringo juu. Ndiye mwanamume pekee aliyepita getini bila kuandikwa. Wengine wote: jina, kitambulisho, uhusiano. Ukikifungua kile kitabu cha wageni utadhani Pwani nzima ni ukoo mmoja, kila Jumapili mabinamu! Mwenzetu mmoja alikuwa na mabinamu watatu wasiojuana. Siku waliyokutana benchi moja, matroni aliwaletea chai, akavuta kiti akakaa kutazama.

Masomo? Tulisoma, alhamdulillahi.

Sasa juzi twahama vyumba. Mwenzangu wa chumbani, yule aliyezunguka nami kila bweni kulitafuta dumu, aliyemwapiza mwizi kwa sauti kuliko mie mwenye mali, avuta sanduku lake chini ya kitanda. Nyuma ya sanduku, dumu. La manjano. Limejaa mchele, ndiyo maana sikuwahi kuliona kwenye foleni ya maji. Jina limekwaruzwa kwa kisu, imebaki herufi ya mwisho, A.

"Langu," asema. "Si waona A?"

Ati A! Nusu ya wanawake wa Mombasa majina yao yaishia na A!

Sikumjibu. Nililibeba na mchele wake.

Na hotuba nikatoa. Nikasema udada, nikasema kushikana mikono, nikasema hakuna aliyelala njaa mwenzake akiwa na chakula. Hapo nilimtazama. Alikuwa safu ya mbele, alia mpaka wanja umemfika shavuni, na watu wakampa pole.

Jioni niko feri ya Likoni, joho la kukodi limeninata mgongoni, kofia nimeitia kwapani, dumu kichwani juu ya kata ya leso. Mzee mmoja akanigusa bega.

"Mwanangu, maji shilingi ngapi?"

"Si maji, baba. Mchele."

Akalitazama dumu, akanitazama na joho langu.

"Haya, mchele shilingi ngapi?"

Nina stashahada ya biashara mie. Nikalitua, nikaanza kupiga hesabu.