Dodoso la huku halitaiponya ofisi ya Mwanza

Kila mwaka shirika la hisani ninalofanyia kazi hapa Leeds, Uingereza, hututumia dodoso la kupima hali ya kazini. Unajaza kwenye simu, bila jina: kuanzia 0 hadi 10, je, ungemshauri rafiki yako aje kufanya kazi hapa? Majibu yakitoka, meneja anakaa na timu yake kuulizana wapi pamepwaya. Jamaa zangu wa mashirika ya Mwanza wakisikia hivyo wananiomba niwatumie nakala. Nimegoma.

Huku tuko mamia. Ofisi nyingi za mashirika kule nyumbani zina watu kumi, kumi na wawili, ukihesabu dereva na mlinzi. Ukishajaza “mwanamke, idara ya fedha, miaka mitano kazini” umeshaandika jina lako. Huku majibu ya kikundi kidogo, mara nyingi chini ya watu 5, hayaonyeshwi kabisa. Kwa utaratibu huo idara zote za ofisi ya Mwanza zingefichwa. Na msiniambie kuhusu sanduku la maoni. Nililifahamu moja lililotundikwa mapokezi, mbele ya meza ya katibu muhtasi, na ufunguo anao yeye. Lilipofunguliwa ikatoka risiti ya soda na kadi ya mchango wa harusi.

Maswali yenyewe nayo yana kwao. Dodoso maarufu la Gallup, kampuni ya utafiti ya Marekani, la maswali 12, linauliza kama una rafiki wa dhati kazini. Huku swali hilo lina maana, maana mtu anaweza kukaa meza ya pili miaka na usijue ana watoto wangapi. Mwanza watakucheka: mwenzako wa ofisini ndiye mweka hazina wa kamati ya harusi yako, na ukifiwa ofisi nzima inapanda Coaster hadi Magu kuzika. Hata sheria yetu inalijua hilo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa aliyefiwa na mzazi angalau siku 4 zenye malipo. Uingereza sheria haimlazimishi mwajiri kukulipa hata siku moja kwa msiba wa mzazi.

Huku wanapotuzidi ni kwenye kumrudishia mtu pesa yake aliyoitumia kazini. Afisa mradi wa Mwanza anavuka kwenda Ukerewe kwa fedha ya mfukoni kwa sababu masurufu hayajatoka: nauli ya meli, bodaboda hadi kijijini, chai ya wahudumu wa afya. Anarudi na risiti kazibandika vizuri kwenye karatasi, halafu anaanza kuzungushwa. Mhasibu anasubiri saini, mwenye saini yuko semina Dodoma. Mwezi unakatika. Kikao cha Jumatatu anaulizwa kama kuna changamoto. “Hakuna, mzee, tunaendelea vizuri.”

Jibu hilo lisimfurahishe mtu. Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani, alichunguza timu za wauguzi hospitalini miaka ya 1990, akakuta zile zenye maelewano mazuri ndizo zilizoonekana na makosa mengi zaidi. Hawakuwa wazembe, ila walikuwa hawaogopi kusema.

Ningekuwa kwenye bodi, ningemwomba mhasibu tarehe mbili kwa kila dai: siku risiti zilipoletwa na siku fedha ilipolipwa. Daftari lipo tayari. Ningeangalia nani hajagusa likizo yake. Na walioacha kazi wapigiwe simu na mjumbe wa bodi, siyo mkurugenzi, wakiwa wameshapata kazi kwingine na hawahitaji tena barua ya sifa kutoka kwa bosi. Hapo kuna mtego: tangu Marekani isitishe misaada Januari 2025, wapo walioondoka kwa sababu mradi ulikufa. Hao wasichanganywe na waliokimbia bosi.

Kisha bodi itengeneze jambo moja kabla ya kuuliza lingine. Tuseme madai yote yalipwe ndani ya siku 14, na tarehe zibandikwe ukutani kila mwezi. Madai ya mkurugenzi yawemo kwenye orodha hiyohiyo. Nina hamu ya kuona ya kwake huchukua siku ngapi.