Si jini, wala si damu ya ukoo

Posa imerudishwa. Sitamtaja binti, ni wa nyumbani kwetu Wete, Pemba, na yaliyompata yanamtosha. Wakweze waliotarajiwa wamepeleka maneno kwamba mama yake alikufa kwa saratani ya shingo ya kizazi, basi "wale wana jeni ya saratani, watatuletea kwenye kizazi chetu." Aliyeleta ujumbe ni mtu mzima, wa heshima zake. Alisema jeni, yaani maagizo ya urithi yaliyo ndani ya seli za mwili, lakini namna alivyolitamka nikasikia jini: kitu kilichompanda bibi, kikahamia kwa mama, sasa kinamngoja mtoto.

Mimi nilikuwa miongoni mwa waliomkosha mama yule. Siwezi kunyamaza.

Saratani ile karibu yote huanzishwa na kirusi cha HPV, kinachopita katika tendo la ndoa. Mjerumani Harald zur Hausen ndiye aliyeufichua uhusiano huo, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Mume anaweza kumletea mkewe, wala mwenyewe asijue kama anacho. Halafu lawama inaachiwa damu ya mwanamke, na ya binti yake.

Jeni za saratani zipo kweli katika habari hii, lakini ni za kirusi. Ni mbili, E6 na E7, na kazi yao ni kupora amri. Ndani ya seli zetu kuna protini iitwayo Rb, imeizuia nyingine, E2F, kama amari inavyozuia jahazi. E2F ikiachiwa huamsha jeni za kunakili vinasaba, na seli ikajiandaa kugawanyika. Kwenye seli yenye afya amari hung'olewa kwa wakati wake, ikatiwa tena. E7 inaikamata Rb, amari haitiwi tena, na jeni zote zinazoingoja E2F zinakesha kazini.

Hapo angepaswa kuingia mlinzi, protini nyingine iitwayo p53. Akiona vurugu huamsha jeni ya p21 isimamishe mgawanyiko, na mambo yakizidi huamsha BAX, seli ife. E6 inakitumia kimeng'enya cha mwili wetu wenyewe kumbandika mlinzi huyu alama ya takataka, akasagwa. Jeni ya p21 ipo pale pale, nzima. BAX nzima. Hakuna wa kuziamrisha. Kuna hata jeni ya p16, ambayo Rb ikishapokwa hupanda juu kupita kiasi ikijaribu kusimamisha kazi, na amri yake haifiki popote. Maabara huitafuta kwa rangi kwenye kipande cha nyama, wakajua kirusi kimeshatawala.

Henrietta Lacks, Mmarekani Mweusi, alikufa kwa saratani hii mwaka 1951. Seli zake bado zinakuzwa maabara duniani kote, na ndani yake mna HPV aina ya 18. Watafiti walipozinyamazisha E6 na E7 katika seli hizo, p53 na Rb zilirudi kazini na seli zikaacha kugawanyika. Miaka mingi baada ya mwenyewe kuzikwa! Breki alizorithi kwa wazazi wake zilikuwa nzima muda wote. Natamani wale walioirudisha posa wangekaa na jambo hili hata kwa usiku mmoja.

Haya, nakubali: ziko saratani zinazofuata ukoo. Mwenye hitilafu katika jeni ya BRCA1 au BRCA2 yuko katika hatari kubwa ya saratani ya matiti na ya ovari. Hata huyo amerithi hatari, hakurithi ugonjwa, na mama wa binti yetu hakuumwa hayo.

Chanjo ya HPV hutolewa kwa wasichana nchini Tanzania tangu 2018. Wapelekeni.

Binti hatoki chumbani. Jana aliniuliza, "Mama mdogo, kwani mimi nina nini?" Nikamwambia huna kitu, mwanangu, akanitazama kama mtu anayebembelezwa. Ijumaa baada ya sala nakwenda kwa wazazi wa kijana. Sikusudii kuomba posa irudi, hilo ni lao. Nataka wanisikilize mpaka mwisho, kisha waje wenyewe wamwambie mtoto huyu kwamba mama yake hakumwachia uchafu.