Niangalizie Begi, Nakuja Sasa Hivi

Sijui uso wangu una kasoro gani. Nikikaa kituo chochote cha basi hapa duniani, dakika tano haziishi atatokea mtu nisiyemjua, salamu yenyewe nusu, atalitua shanta lake miguuni pangu na kusema: niangalizie begi, nakuja sasa hivi. Watu wamejaa pale. Wapo wenye sare. Wapo akina mama watu wazima, ukiwatazama tu unajua hawa hata ufunguo wa benki ungewapa. Hapana, kaniona mimi. Na hiyo sasa hivi yake, jamani, ni nusu saa, tena siku akiwa na huruma.

Nimezunguka nchi za watu miezi kumi na mmoja na shanta mgongoni. Kabla sijaondoka niliambiwa tembea uone. Nimetembea. Nilichokiona zaidi ni mabegi ya watu. Nilikuwa nayahesabu, nikaacha kuhesabu nilipofika la arobaini.

La kwangu mwenyewe halikuwa na bahati tangu siku ya kwanza. Uwanja wa ndege nikanyang'anywa losheni. Sheria ya vitu vya majimaji ipo viwanja vingi tangu 2006: chombo kisizidi mililita 100, basi. Nikamwonyesha ofisa kwamba humu ndani losheni imebaki ya kidole kimoja, kwingine kote ni hewa. Akanionyesha chupa imeandikwa 150. Kumbe wanapima chupa, hawapimi losheni. Nikamuuliza, na hewa nayo ni majimaji? Hakucheka. Baadaye nimewazoea, watu wa ukaguzi hawacheki. Nadhani kicheko nacho kinazidi mililita 100.

Mipakani ndiyo usiseme. Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita mbele, na tiketi ya kuondokea uionyeshe kabla hujaingia. Yaani hata kiti hujapewa, unaulizwa unaondoka lini! Wahenga wetu walikuwa wapole: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kule Schengen, zile nchi za Ulaya zilizoondoleana mipaka, wanakupa siku 90 ndani ya kila siku 180, ila hizo 180 hazianzi Januari wala hazianzi ulipoingia. Kila asubuhi unayoamka unazihesabu upya kurudi nyuma. Nilikaa na jamaa mmoja ana daftari la hesabu hizo. Kila nikimkuta anajumlisha na kutoa. Mji tuliokuwa una mnara watu wanatoka mabara mengine kuja kuutazama. Yeye aliuona kwenye kadi ya posta.

Lakini hayo ya serikali. Binadamu mwenyewe ukitaka kumjua, lala naye bweni moja.

Chanzo cha mabweni haya ya wasafiri ni mwalimu mmoja Mjerumani, Richard Schirrmann. Mwaka 1909 alitoka matembezi na wanafunzi, mvua ya radi ikawakuta njiani, wakajisitiri kwenye jengo la shule. Usiku huohuo likamjia wazo kwamba vijana wanaotembea wawe na mahali pa kulala kwa bei nafuu. Mwaka 1912 hosteli ya kwanza ikafunguliwa ndani ya ngome ya Altena. Wazo zuri, sibishi. Ila mwalimu angenishirikisha ningemwambia: mwalimu, weka kuta.

Maana bweni la vitanda kumi na viwili, dabo deka sita, lina watu wake maalumu, na ukihama hosteli unawakuta huko uendako wameshatangulia. Yupo wa tochi ya kichwani, ambaye kila anachokitafuta anakitafuta usoni pangu. Wahenga walisema akumulikaye mchana usiku hukuchoma. Hawakusema anayekumulika usiku asubuhi atakufanya nini. Mimi najua. Atakuuliza umelalaje. Yupo anayetega kengele ya simu saa kumi alfajiri, ikilia haamki yeye, tunaamka sisi kumi na mmoja. Na yupo yule aliyekuja kujitafuta. Aliniambia mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba ameacha kazi nzuri ili ajitafute. Miezi minane anajitafuta, hajajipata, na taulo langu nalo halijaonekana tangu siku aliyohama.

Hao wote nawasamehe. Nisiyemsamehe ni wa mfuko wa plastiki.

Huyu bwana mchana kutwa hana kazi. Amekaa kibarazani anabofya simu. Nguo zake zimezagaa kitandani, hajapanga hata soksi. Anangoja. Taa zikizimwa, wenzake wakianza kuchukuliwa na usingizi, ndipo anaanza kufunga safari, na kila kitu chake, mswaki, chaja, soksi moja moja, kina mfuko wake. Kinachoniua zaidi ni ule ustaarabu wake. Anaufungua mfuko polepole, eti asitusumbue. Bwana wee, mfuko wa plastiki ukifunguliwa polepole kelele haipungui, inarefuka! Ung'oe kama jino, tulie mara moja tulale.

Kunguni siwasemi vibaya. Wale ndio wasafiri hasa. Hawana viza, hawana siku 90, losheni hawabebi, nauli hawalipi, na usafiri wao ni begi lako, tena unawaangalizia wewe mwenyewe.

Halafu kuna hili swali: umefika nchi ngapi? Jina langu hajalijua, anataka idadi. Umoja wa Mataifa una wanachama 193, na nilikaa meza moja na mtu aliyeamua kuwamaliza wote kama anayelipa deni. Amefika 61, anasema. Tulipomchimba ikaonekana nne kati ya hizo aliziona kupitia dirisha la uwanja wa ndege akibadilisha ndege. Ugomvi ukawaka. Kikao kilikesha, na kikaamua kwamba ukishatumia choo chao, nchi imehesabika. Nchi moja kati ya zile nne ikamtoka, akanuna mpaka asubuhi.

Ibn Battuta angekuwa mezani pale sijui wangemuuliza nini. Yule alitoka Tangier, Morocco, mwaka 1325, kijana wa miaka 21, peke yake, na mwaka 1331 alikuwa ameshafika Kilwa. Msafiri kuliko sisi sote. Lakini kituo chake cha mwanzo mwanzo, Tunis, wenyeji walitoka kuupokea msafara, wakawa wanawasalimia wenzake mmoja mmoja, yeye hakuna aliyemjua, hakuna aliyemsalimia. Akasimama pale akalia. Mmoja wa wasafiri wenzake akamwona, akamsogelea, akamsalimia na kumzungumzisha.

Nalisema hili kwa sababu nami nililia. Siku yangu ya kuzaliwa, mwezi wa nne safarini, chooni, maana bweni lilikuwa limejaa na choo ndicho mahali pekee penye mlango. Hakuna mtu kwenye jengo lile aliyejua jina langu. Nikiwa katikati ya kilio mlango ukagongwa: umemaliza? Nikatoka macho mekundu. Mama mmoja wa makamo, taulo begani, akanitazama kwa muda, akatua mkoba wake mbele yangu. Niangalizie, akasema, naoga mara moja. Ule mkoba niliukumbatia, nawaambia. Angepita jambazi siku ile angejuta.

Hiyo ni siku moja. Siku nyingine zote nimejaribu kukataa. Bulgaria nilikaza moyo kabisa. Kijana ameshusha begi lake, anaanza maneno yake, nami nikatikisa kichwa kulia na kushoto, kwa nguvu, mara tatu. Akashukuru sana akaondoka. Kumbe kule kutikisa hivyo ndiyo ndiyo yenyewe, na hapana yao ni kuinua kichwa juu. Nimemkubalia mara tatu! Basi langu likaja, likaondoka, mimi mlinzi.

Msione nalalamika mkadhani mimi huwaamini watu kama wao wanavyoniamini. Siamini mtu. Shanta langu lilikuwa na kufuli la namba na mnyororo. Treni ile ya Urusi inayotoka Moscow hadi Vladivostok, kilomita 9,289, nilipanda behewa la daraja la tatu, platskart wenyewe wanaliita: vitanda 54, hakuna mlango hata mmoja katikati, miguu ya watu imetokeza njiani. Nikaufunga mnyororo kwenye shanta, ncha ya pili kwenye kifundo cha mguu, nikalala kama mfungwa. Usiku nikabanwa. Kukumbuka namba za kufuli gizani sikuweza, nikaenda chooni naburuta mzigo, kwarakwara-kwarakwara, behewa zima linafumbua macho. Bibi wa kitanda cha jirani alicheka mpaka akakaa kitako. Asubuhi akanimegea mkate wake, akanionyesha mnyororo, akanionyesha kichwa changu, akasema neno moja ambalo sikuhitaji mkalimani. Yeye pochi yake ilikuwa juu ya meza, na ilikaa pale siku zote nilizosafiri naye.

Sasa sikilizeni la La Paz, kule Bolivia.

Mji ule uko juu, mita 3,600 hivi kutoka usawa wa bahari. Hewa ni ya kugawana. Unapanda ngazi tatu unakaa chini kutubu dhambi. Na bweni letu, kitanda cha juu yangu, kulikuwa na pande la mtu nililompa jina la Trekta. Hajui kama anaitwa hivyo. Anakoroma mpaka chuma cha kitanda kinaitikia. Mahali pengine ningevumilia, lakini hapa hewa chache, na Trekta anavuta ya bweni zima! Usiku wa tatu nikasema basi. Nikakata tiketi ya basi la usiku kwenda Uyuni, kwenye ule uwanja wa chumvi ulio mkubwa kuliko yote duniani, zaidi ya kilomita za mraba 10,000. Jioni nikaingia chumba cha mizigo, taa imeungua, nikapapasa shanta langu jeusi, nikalitupia mgongoni, nikaondoka bila kuaga mtu.

Tumefika Uyuni alfajiri, baridi inauma kama ina kinyongo. Nafungua begi nitoe sweta. Kufuli hakuna. Mnyororo hakuna. Moyo ukanipasuka. Nikapiga kelele: nimeibiwa! Lugha yao sijui lakini kilio cha mwizi kinaeleweka kokote. Dereva akazuia mlango. Abiria waliokwisha kushuka wakarudishwa, watoto wamelala migongoni, wazee wanatetemeka. Nikaanza kutoa vitu mbele ya mashahidi. Suruali, ambayo ningeingia mimi na mwenzangu mmoja mguu kwa mguu. Viatu kama mitumbwi miwili. Na chini kabisa, pakiti ya plasta za kubandika puani, zile za kuzuia kukoroma. Nzima. Haijafunguliwa hata moja.

Ikawa kimya. Kondakta akalionyesha begi kwa kidole, kisha akanionyesha mimi: la kwako? Nikatikisa kichwa. Nashukuru hatukuwa Bulgaria.

Miezi kumi na mmoja, mabegi arobaini na kitu, mabweni, treni, vituo vya usiku wa manane, na mwizi pekee niliyewahi kumwona kwa macho yangu ni mimi. Abiria wakashuka mmoja mmoja, kila anayepita ananitazama. Mama mmoja akanifunika blanketi, sijui kwa huruma au asinione.

Chumvi sikuiona. Nilikata tiketi ya basi la kurudi, nikangoja kutwa, nikasafiri usiku kucha na shanta la Trekta mapajani, nimelikumbatia, jirani yangu akiligusa kwa kiwiko namkazia macho. Nafika hosteli hakujapambazuka vizuri. Kelele zake nilizisikia kutoka nje ya geti.

Alikuwa amekaa sakafuni kwenye chumba cha mizigo. Shanta langu liko katikati ya miguu yake. Mnyororo wangu, kwa vile kufuli hakulijua namba zake, kauzungushia kwenye kifundo cha mguu wake, kalala ameegemea ukuta. Mhudumu akaninong'oneza kwamba basi lake la kwenda Peru lilikuwa la jana asubuhi. Wamemwambia aliache begi mapokezi aende zake, mwenye begi akirudi atafahamiana nasi. Kagoma. Kasema mwenyewe atarudi, na akirudi asikute begi halina mtu.

Nikaliweka shanta lake kando yake, nikakaa sakafuni. Nilikuwa nimeiandaa hotuba yangu ya kuomba radhi tangu Uyuni. Trekta akafumbua jicho moja, akaniona, akaliona begi lake. Akaufungua mnyororo mguuni taratibu, akasimama, akajinyoosha mpaka mifupa ikalia.

"Niangalizie," akasema, "nakuja sasa hivi."

Nusu saa.