Wanyama wa Kuwaona London, na Wale Tuliowaacha Nyumbani

Kila majira ya joto yanapokaribia hapa Uingereza, jamaa zangu wa Pemba na Unguja wanaojitayarisha kuja kututembelea huniuliza suali lilelile: tukifika London, tukawatazame wanyama gani katika ile bustani yenu maarufu ya wanyama? Kwa miaka mingi nilikuwa nikiwatajia simba, gorila na chuimilia bila ya kufikiri sana, kwa sababu hao ndio wanaochorwa kwenye mabango na ndio wanaokimbiliwa na kila mgeni. Jawabu langu limebadilika tangu mama yangu mzazi alipokuja kutoka Chake Chake kukaa nasi miezi mitatu, nikampeleka huko kutwa nzima. Siku hizi nawaambia waanze na mbega, wafuatie kobe, na waliobaki wawaone kadiri miguu itakavyowaruhusu.

Bustani hiyo imo ndani ya Regent's Park na ilifunguliwa mwaka 1828 na jumuiya ya wataalamu wa wanyama iliyoundwa miaka miwili kabla yake, ingawa wananchi wa kawaida hawakuruhusiwa kuingia mpaka 1847. Kwa hiyo ni pahala penye umri mkubwa, na umri huo unaonekana katika majengo yake, ambayo baadhi yake yalijengwa zama ambapo mnyama alihesabiwa kuwa kitu cha kuonyeshwa tu. Anayekuja kwa ajili ya ndovu asipoteze muda wake, kwani ndovu waliondolewa mwaka 2001 wakapelekwa Whipsnade, nje ya mji, kwenye nafasi ya kutosha kwa kiumbe wa ukubwa ule. Mimi naliona jambo hilo kuwa la heshima, yaani watu kukubali kwamba mji wao, pamoja na utajiri wake wote, hauna nafasi ya kumtosha ndovu.

Mbega wa London wamewekwa katika kizimba kilichojengwa miaka ya 1960 kwa ajili ya ndege, chenye wavu mkubwa uliotandazwa juu ya nguzo ndefu za chuma, ambacho tangu 2022 kimegeuzwa kuwa makazi yao, na mgeni hupita ndani yake kwa miguu huku wao wakiruka juu ya kichwa chake. Ni mbega weusi wenye mapande meupe mgongoni na mkia unaoishia kwa shada jeupe, na mtoto wao huzaliwa mweupe mtupu. Mama yangu, ambaye alipokuwa kigori aliishi kwa kaka yake Kitogani, kijiji kilicho karibu na msitu wa Jozani huko Unguja, hakushangazwa na rangi wala na mkia. Alisimama muda mrefu akimtazama mmoja aliyekuwa akila majani karibu yetu, kisha akaniambia: "Mwanangu, huyu ni jamaa yao kima punju. Mtazame mkono wake, hana kidole gumba." Nilitazama, na kweli hakuwa nacho. Mimi niliyekwenda kizimba kile mara nne au tano pamoja na wanangu sikuwahi kuliona jambo hilo.

Akanitaka nimuulize mtunzaji, kijana mpole aliyekuwa amesimama kando, kima punju wetu, yaani kima wekundu wa Unguja, wamewekwa upande gani. Kijana akatueleza kwamba hawapo, na kwamba kima wekundu kwa jumla hawajapata kustawi katika vizimba, kwa sababu chakula chao ni majani machanga ya miti ya aina nyingi na matumbo yao hayavumilii mabadiliko. Nilipomfasiria, mama aliitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyethibitishiwa jambo analolijua.

Neno lile halikunitoka akilini. Mnyama ambaye jumuiya yenye bustani kongwe kama ile haina namna ya kumuonyesha, sisi tunampita kando ya barabara ya kusini tukiwa ndani ya daladala, takriban kilomita 35 kutoka mjini, na wengi wetu hatugeuzi hata shingo. Tena historia yake imeungana na London kwa njia ya ajabu. Jina lake la kisayansi, ambalo limebeba jina la John Kirk aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza Unguja, lilitangazwa mwaka 1868 katika jarida la jumuiya hiyohiyo ya Regent's Park. Walimpa jina wao, lakini mwenyewe amebaki kwetu.

Na sisi jina tulilompa si la kumpendeza. Punju ni sumu, na wazee waliamini kwamba mti anaoula kima huyu hufa, tena harufu yake nzito ikawazidishia watu chuki. Ukweli ni kwamba yeye ndiye anayepambana na sumu. Watafiti walioishi Jozani katika miaka ya 1990 waliandika namna kima hawa wanavyookota makaa kwenye matanuri na kuyatafuna, na wakaeleza kwamba makaa hayo hunyonya vitu vyenye madhara vilivyomo katika majani ya mikungu na miembe wanayoyala. Watafiti haohao walichunguza na malalamiko ya wakulima kuhusu nazi changa, wakakuta kwamba pale kima walipokula vidaka vingi zaidi, mavuno ya nazi hayakupungua. Sisemi haya ili kumdharau mkulima wa Pete au wa Kitogani, kwa maana ni rahisi kumpenda kima ukiwa umekaa London na huna shamba la kuliwa. Ndiyo maana naunga mkono kwa dhati utaratibu wa Jozani wa sehemu ya fedha za wageni kurudi vijijini, na natamani fungu hilo liongezwe.

Hesabu iliyotolewa baada ya msitu na mashamba yote ya Unguja kutembewa ilionyesha kwamba kima punju wamebaki zaidi ya 5,800, idadi ambayo ni kubwa kuliko ilivyodhaniwa kabla yake, ila karibu thuluthi yao wanaishi nje ya hifadhi, miongoni mwa watu. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa 2004, haiwatoshi peke yake. Matuta yamewekwa barabarani ili madereva wapunguze mwendo, na nawaomba madereva wetu wayaheshimu.

Kutoka kwa mbega nenda kwa kobe. Mama alipowaona kobe wakubwa wa London aliuliza kama si walewale wa Changuu, kile kisiwa kidogo kilicho karibu na mji wa Unguja, na suali lake lilikuwa zuri, kwani kwa ukubwa wanafanana sana. Wa London asili yao ni visiwa vya Galapagos, upande wa pili wa dunia, na wa Changuu asili yao ni Aldabra, huko Shelisheli. Ukitaka kuwatofautisha, angalia gamba juu ya shingo: kobe wa Aldabra ana kibamba kidogo hapo katikati na wa Galapagos hana. Wetu walianza kwa kobe wanne walioletwa kuwa zawadi mwaka 1919, wakazaana mpaka wakafika kiasi cha 200 katika miaka ya 1950, kisha wakaibiwa na kuuzwa hata ilipofika 1996 walikuwa wamebaki saba tu. Nilimsimulia mama habari hiyo mbele ya kioo cha London, akaguna na kuondoka pale bila ya kusema neno. Leo wamezungushiwa ua na wanaangaliwa, lakini doa lile ni letu, hatukuletewa na mgeni.

Simba nawataja kwa ufupi, kwa kuwa wa London si wa Afrika. Ni simba wa Asia, ambao nje ya vizimba wanapatikana katika msitu wa Gir na maeneo yanayouzunguka tu, huko Gujarati, jimbo la India ambalo majirani zetu wengi wa Mji Mkongwe wana asili yake. Wawaoneni kwa sababu hiyo. Gorila nao ni wa kuwaona, ingawa mimi sikai mbele yao muda mrefu, kwa vile huniumiza kumuona mwenye macho yale nyuma ya kioo, na watoto wakikigonga.

Jambo ninaloihusudu London kwa kweli ni wanafunzi wake. Siku yoyote ya kazi utawakuta watoto wa skuli za msingi, wamevaa vizibao vya rangi ya kung'aa, wameshikana mikono wawili wawili, kila mmoja na karatasi ya kuandika alichokiona. Mimi nilisoma Pemba kuanzia darasa la kwanza hadi nilipomaliza, na skuli yangu haikunipeleka hata siku moja msitu wa Ngezi wala kwa popo wa kijiji cha Kidike. Popo wa Pemba, ambaye hapatikani popote pengine duniani, nilimjua kwa jambo moja tu, nalo ni kumrushia mawe kwa manati pamoja na wenzangu, na hakuna mtu mzima aliyetukataza. Popo hao walikuwa wamekaribia kumalizika mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa kupigwa bunduki na kukatwa miti, wakabaki mamia machache. Waliowaokoa ni wanavijiji wenyewe, wa Kidike wakiwa mbele, waliokubali kuwalinda na kupokea wageni, pamoja na vilabu vya mazingira na msaada wa mashirika ya nje, na miaka ishirini baadaye popo walihesabiwa kufika kiasi cha 20,000. Hicho ni kitendo kikubwa kuliko vizimba vyote nilivyoviona hapa, na mtoto wa Pemba anastahili kufundishwa darasani kwamba waliokitenda ni wazee wake.

Tunajua pia inakuwaje pasipokuwa na wa kukataza. Chui wa Unguja alikuwa mdogo kuliko chui wa bara, wa kisiwa kimoja tu, na kwa kuwa watu waliamini kwamba wachawi wanamfuga, aliandamwa, khasa katika kampeni iliyoendeshwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Nilimuona mara moja nikiwa mdogo, katika jumba la makumbusho Mnazi Mmoja, ngozi iliyojazwa, macho ya gilasi.

Kwa hiyo maombi yangu kwa wenye mamlaka ya elimu ni haya, na nayaandika nikiwa nimeyafikiri: kila mwanafunzi wa Unguja apelekwe Jozani na kila mwanafunzi wa Pemba apelekwe Kidike au Ngezi, japo mara moja kabla ya kufika darasa la saba, bila ya mzee wake kutozwa kitu. Sisi tulio nje tunachangia harusi, misiba na visima, na gari ya kuwapeleka watoto arubaini Kidike na kuwarudisha haitatushinda.

Mama amesharudi Chake Chake. Wiki iliyopita alinitumia ujumbe wa sauti kwamba amekwenda Kidike na wajukuu zake wawili, wakangoja mpaka karibu na Magharibi, popo wakaanza kuachia matawi na kupita juu yao kuelekea kwenye mashelisheli. Anasema mdogo alitaka kuwahesabu, akafika mia moja na kitu, kikaingia kiza.